Chema Chajiuza, Reli Yajitembeza: Kulisoma Bango la Reli ya Uganda

Utangulizi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na siku zote niliichukua kuwa ni ya sokoni tu: embe zuri halihitaji kupigiwa kelele. Sikudhani hata siku moja kwamba ingenifaa katika kusoma historia ya reli. Lakini ndivyo ilivyotokea, na makala hii inakusudia kueleza ilivyotokea.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mpenzi wa michoro. Wenzangu wa bwenini wananijua: nakusanya maganda ya viberiti, majalada ya vitabu vikuukuu, vipande vya kanga na kalenda za miaka iliyokwisha pita. Nikiwa barabarani nasoma mabango kama wengine wanavyosoma gazeti, na herufi zikipangwa ovyo naumia roho. Kwa hiyo, nilipoona katika duka moja la vitu vya watalii mjini Mombasa nakala ya bango la Reli ya Uganda, ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa la mwaka 1908 hivi, sikuuliza mara mbili. Nilitoa pesa zote nilizokuwa nazo, nauli ikiwemo, nikarudi kwetu Voi juu ya lori la mchanga huku bango limeviringishwa kwapani.

Nyumbani nililitandaza mezani ili nyanya yangu alione. Nyanya hajui Kiingereza, lakini reli anaijua. Kwa miaka mingi baada ya uhuru aliuza machungwa na ndizi katika stesheni ya Voi, akiinua sinia hadi kwenye madirisha ya treni. Alilitazama bango kwa muda mrefu, akaniomba nimfasirie maneno yake. Nikamfasiria. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na sisi tuko wapi hapa, mjukuu wangu?"

Nilicheka, nikasema hili ni tangazo tu, nyanya. Hakucheka. Nami nimekaa na swali lake tangu siku ile.

Hoja ya makala hii ni kwamba bango hili ni kazi ya sanaa iliyofanikiwa, na siri ya kufanikiwa kwake ni moja. Lilichukua safari, ambayo kwa walioijenga reli na walioishi kando yake ilikuwa jasho, hofu na kuhamishwa, likaigeuza bidhaa ya kumuuzia mtu aliyeketi nyuma ya kioo. Anasa iliyouzwa hapo haikuwa kiti wala chakula. Ilikuwa ni nafasi ya kutazama bila kuguswa.

Katika semina yetu mwenzangu mmoja alinipinga: ati bango ni biashara, si fasihi, na mwanafunzi wa fasihi hana kazi nalo. Mimi naona kinyume chake. Bango lina msemaji, lina hadhira lengwa, lina wahusika na mandhari, na lina dhamira. Tena linasomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote tuliyopangiwa muhula huu. Kwa nini basi tusilihoji kama tunavyohoji riwaya?

Usuli: Reli iliyotafuta abiria

Kwanza tujikumbushe historia yenyewe. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1899 reli ilifika mahali palipokuja kuitwa Nairobi, na Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria, Kisumu ya leo. Ni maili 582, yaani kilomita zipatazo 937. Gharama yake ilikaribia pauni milioni 5.5, fedha zilizotoka katika hazina ya Uingereza. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walifariki katika kazi hiyo. Hata jina lake lina mambo. Reli iliitwa ya Uganda lakini ilikomea Kisumu, na sehemu hiyo ikahamishiwa upande wa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Kwa maneno mengine, abiria aliyeshuka mwisho wa Reli ya Uganda alikuwa bado hajafika Uganda. Alikuwa na maji ya kuvuka.

Reli ilijengwa kwa sababu za kisiasa na kivita zaidi kuliko za kibiashara. Waingereza walitaka kuishika Uganda na chemchemi za mto Naili kabla mataifa mengine hayajaingilia. Haikuwapo shehena iliyokuwa ikingoja kubebwa. Ndipo wakubwa walipojikuta na kitu ghali mno kisicho na kazi ya kutosha, na huko London wabunge waliokuwa wakiipinga tangu mwanzo waliendelea kuidhihaki kuwa ni reli ya wazimu.

Suluhisho lilikuwa kutafuta watu. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna hadi 1904, alitaka Wazungu walowezi waje wachukue nyanda za juu, walime, wasafirishe mazao yao kwa reli. Walowezi wakaja, akiwamo Lord Delamere, na Desemba 1904 Hoteli ya Norfolk ikafunguliwa Nairobi kuwapokea wenye vyeo na bunduki. Lakini walowezi wachache hawatoshi kuilisha reli. Walihitajika pia wageni wa kuja, kutumia na kuondoka. Hapo ndipo bango letu linapoingia. Kibaya chajitembeza: reli iliyokosa mzigo ilianza kujitembeza.

Tusisahau zilikuwa zama gani. Ulaya ilikuwa imekwisha kuzoea mabango makubwa ya rangi. Jules Chéret wa Paris alikuwa ameonyesha tangu karne ya 19 kwamba ukuta wa barabarani unaweza kuwa jumba la picha kwa mtu asiye na kiingilio. Kampuni za reli na meli zilikuwa zimejifunza kuuza usafiri kama starehe. Treni ya Orient Express, iliyoanza mwaka 1883 kutoka Paris, ilikuwa imekwisha kumfundisha tajiri kwamba kulala ndani ya treni si taabu bali ni fahari. Waliotengeneza bango la Reli ya Uganda hawakubuni mtindo mpya. Walichukua mtindo wa Ulaya wakaupeleka mahali ambapo fahari yenyewe haikuwapo bado.

Fani: Ujanja wa maneno machache

Ukilitazama bango, jambo la kwanza unaloliona ni msongamano. Ipo treni, na wapo wanyama wa kila aina waliojazana kana kwamba wameitwa mkutano. Hakuna nafasi tupu. Mpenzi wa michoro wa leo, aliyezoezwa kupenda uwazi, angeweza kusema mchoraji amekosa kipimo. Nilifikiri hivyo mwanzoni. Lakini fikiria hadhira yake: mtu wa London, majira ya baridi, ukungu, mvua, kila kitu rangi ya majivu. Mtu huyo haonyeshwi uwazi. Anaonyeshwa wingi.

Maneno yake ni machache na yamepangwa kwa akili. Sitayanukuu, nitayaeleza tu. Yanasema kwamba kuishi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki wakati wa baridi kumekwisha kuwa mtindo miongoni mwa makabaila. Yanaongeza kwamba wawindaji wanaotafuta wanyama wakubwa wamefanya jambo hilo mazoea yao, na kwamba wanafunzi wa elimu ya viumbe wanajifurahisha humo. Mwisho yanataja mabehewa ya kutazamia nje, yanayopita katika hifadhi ya asili ya wanyama iliyo kubwa kuliko zote duniani.

Hebu angalia ufundi wa sentensi ile ya kwanza. Haisemi "njooni". Mwenye duka anayekuvuta mkono sokoni hukutia shaka. Wahenga walishasema kuhusu kinachojitembeza. Bango linajitembeza bila kuonekana linatembea. Linatoa habari tu: jambo hili limekwisha kuwa mtindo. Aliye na cheo akisoma, anashtuka kwamba wenzake wamekwenda yeye kabaki. Asiye na cheo akisoma, anaona mlango. Kwa bei ya tiketi atakaa alikokaa kabaila. Hii ndiyo nguvu ya tangazo lenye akili: halikuambii ununue, linakuambia umechelewa.

Pili, angalia wahusika. Ni watatu: kabaila, mwindaji na mwanafunzi wa viumbe. Mmoja anapumzika, mmoja anapiga risasi, mmoja anaandika. Wote watatu wanatazama. Hakuna anayebeba mzigo, hakuna anayepika, hakuna anayetandika reli, hakuna anayeishi pale. Swali la nyanya lilikuwa na jibu fupi: katika maneno ya bango hili, hamumo.

Kwa kulinganisha, chukua mabango ya A.M. Cassandre, msanii ambaye wapenda michoro wote tunamheshimu. Mwaka 1927 alitengeneza bango la treni ya Étoile du Nord lisilo na treni wala abiria: reli tupu zinakimbilia upeo wa macho, na kule mwisho kuna nyota. Cassandre aliweza kufuta kila kitu kwa sababu msomaji wake alikuwa anaijua njia ile na anajua kuna nini mwishoni. Nae aliyetangaza Reli ya Uganda alifuta pia, ila alichofuta ni tofauti. Cassandre alimfuta abiria, na abiria hakupoteza kitu. Bango la Uganda liliwafuta wenyeji, na ninavyoonyesha hapa chini, kufutwa huko hakukuishia kwenye karatasi.

Maudhui: Anasa iliyokuwa na vumbi

Je, anasa yenyewe ilikuwapo? Wapi! Miaka ile ya mwanzo treni hazikuwa na behewa la chakula. Treni iliyotoka Mombasa ilisimama hapa kwetu Voi jioni ili abiria washuke wale katika nyumba ya wasafiri, kisha warudi kupanda. Abiria alitakiwa kuja na matandiko yake. Vumbi jekundu la Taru na Tsavo liliingia kila mahali, puani na kwenye masanduku, mpaka kabaila aliyepanda Mombasa akiwa na suti nyeupe anashuka Nairobi ana rangi ya tofali.

Ninalisisitiza hili si kwa kucheka tu. Ikiwa kiti kilikuwa kigumu na chakula cha kuwahi, basi kilichouzwa kuwa anasa kilikuwa nini? Jibu limo ndani ya bango lenyewe: mabehewa ya kutazamia. Bidhaa ilikuwa dirisha. Nje ya dirisha, upande wa kusini wa reli, palikuwa pametengwa kuwa hifadhi ambamo uwindaji ulikatazwa, na kwa hiyo wanyama walikaa karibu na treni bila woga. Asili iliyosifiwa katika bango ilikuwa imelindwa kwa amri ya serikali, kama bustani.

Wakubwa wenyewe wakawa matangazo ya bure. Winston Churchill, akiwa naibu katika Wizara ya Makoloni, alipita mwaka 1907 akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya injini, akatoa kitabu mwaka uliofuata. Mwaka 1909 alifuata Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, naye akaketi mbele ya injini vilevile. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, kwa hesabu yake mwenyewe. Sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1910 aliipa jina linalosema kwamba reli hii inapita katikati ya zama za Pleistosini, yaani maelfu ya miaka kabla ya historia. Tafakari maana yake. Ikiwa nje ya dirisha ni zama za kale, basi hata watu waliosimama nje ya dirisha ni wa kale. Treni peke yake ndiyo ya leo. Bango liliwaondoa wenyeji kwenye mandhari. Kitabu kiliwaondoa kwenye wakati.

Msisimko: Hofu ya nani?

Kuna jambo moja zaidi bango liliuza, nalo ni msisimko. Hapa nahitaji kurudi nyuma kidogo, mahali ambapo si mbali na kwetu.

Mwaka 1898, wakati daraja la mto Tsavo likijengwa, simba wawili waliwavamia wafanyakazi kwa muda wa miezi tisa. Watu waliburutwa kutoka katika mahema usiku. Kazi ilisimama; mamia walikimbia. Msimamizi wa ujenzi, John Henry Patterson, aliwaua simba hao Desemba mwaka huo. Mwaka 1907 akatoa kitabu kuhusu kisa hicho, kikapendwa mno. Humo alitaja Wahindi 28 waliouawa, na akaongeza kwamba Waafrika waliouawa walikuwa makumi, ila kumbukumbu rasmi yao haikuwekwa. Miaka ya baadaye alidai jumla ilikuwa 135. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009, uliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria watu wapatao 35 walioliwa. Ngozi zenyewe aliziuzia jumba la makumbusho la Chicago mwaka 1924, na simba hao wako huko hadi leo, wamejazwa, nyuma ya kioo.

Hesabu zinabishaniwa, na wanasayansi wanazo njia zao. Mimi kinachonikaa kooni ni ile habari ya kumbukumbu kutowekwa. Mtu aliburutwa na simba akapiga kelele, wenzake wakamsikia, na asubuhi hakuna aliyeandika jina lake. Miaka kumi baadaye mahali pale pale panauzwa London kuwa pa kusisimua.

Wala treni yenyewe haikuwa salama. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia ndani ya behewa akamuua afisa wa polisi Charles Ryall, aliyekuwa akimvizia simba huyo huyo. Behewa lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Bila shaka watangazaji walikijua kisa hiki. Wasomaji wao walikijua pia. Na hakikuharibu biashara. Yawezekana kiliikuza, kwa sababu hofu iliyosimuliwa mbali na mahali pake huwa tamu. Naomba msomaji anisamehe kwa kurahisisha, lakini naona kanuni ni hii: hatari ikikufika wewe ni msiba, ikimfika mwingine nawe u nyuma ya kioo ni msisimko. Waliotandika reli walipata ile ya kwanza, mwenye tiketi akauziwa hii ya pili.

Waliofutwa

Nilisema kufutwa kwa wenyeji hakukuishia kwenye karatasi. Agosti 1904 viongozi wa Wamaasai, akiwamo Olonana, walitiwa katika mkataba na Waingereza. Mkataba huo ulisema kwamba Wamaasai wataondoka katika Bonde la Ufa na kwenda kwenye maeneo waliyotengewa, mbali na njia ya reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa Wazungu. Msomaji alitazame tena neno lile: mbali na reli. Mwaka 1911 ukafanywa mkataba wa pili, wakaondolewa Laikipia nako. Wamaasai walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1913.

Wanandi nao waliipinga reli na utawala ulioileta kwa miaka. Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani.

Kwa hiyo bango la 1908 halikusema uongo wa moja kwa moja. Nje ya dirisha, katika sehemu nyingi, kweli palikuwa na nyasi, wanyama na anga. Lilichoacha kusema ni kwamba palifanywa kuwa hivyo. Mkataba ulisafisha mandhari, bango likaja kuyapiga picha na kuyaita ya asili.

Na kejeli ya mwisho ni hii. Mzigo uliokuja kuipa reli kazi ya kweli haukuwa masanduku ya makabaila. Pamba ilianza kuenea Uganda kuanzia miaka ya 1903 na 1904, ikawa zao kuu la kusafirishwa nje kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na waliolima ni wakulima wenye jembe la mkono. Hakuna bango maarufu la mkulima wa pamba.

Masimulizi mawili ya treni moja

Wanafunzi wa fasihi simulizi tunajua kwamba wenyeji hawakungoja bango ili kuisimulia reli. Wakamba wanasimulia habari za Syokimau, nabii aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu kutoka baharini kuelekea ziwani. Wakikuyu wana utabiri wao unaofanana na huo, wa Mugo wa Kibiru. Kama watu walitabiri kweli au masimulizi yalipata umbo lake baadaye, hilo si tatizo la makala hii. Linalonihusu ni nafsi ya msimulizi.

Nyoka ni kitu unachokiona ukiwa nje. Unakiona kinakuja, hujui kitamuuma nani. Dirisha ni kitu unachokiona ukiwa ndani. Hapa tuna matini mawili kuhusu chombo kimoja: moja limesimuliwa na aliyesimama kando ya njia, jingine na aliyeketi kitini. Tunapofundishwa kuhusu mtazamo katika usimulizi tunapewa mifano ya riwaya za Ulaya. Mimi sijaona mfano ulio bayana kuliko huu wa nyoka na dirisha.

Vivyo hivyo na neno lenyewe, safari. Liliingia katika Kiingereza tangu karne ya 19, pamoja na misafara ya wapagazi. Msafara wa Roosevelt ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na kwa kila mmoja wao safari ilikuwa mzigo kichwani. Katika kinywa cha mwenye bunduki ikawa mchezo, na baada ya bunduki ikaja kamera. Filamu ya *Out of Africa* ya mwaka 1985, iliyoshinda tuzo 7 za Oscar, inatuonyesha tena treni ile ikikata mbuga. Na baada yake hema, taa ya mafuta na kofia ya mwindaji vikauzwa upya duniani kote kuwa ndiyo safari. Leo tunaona maneno "safari" na "kambi" katika vibao vya hoteli, na bei yake hamuulizi mtu wa kwetu.

Nyanya akisema "nina safari kesho", hakuna simba katika maneno yake. Ana maana ya hospitali Mombasa, au matanga, au kupeleka posa. Safari kwake ni jambo linalomlazimu mtu kuondoka nyumbani, na anayeondoka huombewa. Neno ni lile lile. Wao walilipunguza wakabaki na kipande kinachouzika, nasi siku hizi tunalinunua likiwa limepunguzwa hivyo hivyo.

Nyuma ya kioo

Ingekuwa rahisi kukomea hapa na kuwalaumu Waingereza wa 1908. Lakini ningekuwa mwongo.

Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa, na sasa mimi huenda chuoni kwa treni hiyo kutoka Voi. Ni safi, ina ubaridi, na madirisha yake hayafunguki. Stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, mahali palipopewa jina la nabii yule yule. Kati ya Voi na Mtito Andei, ukibahatika, unaona tembo. Muhula uliopita niliwaona, kundi zima, wekundu kwa udongo wetu. Nilisimama, nikainua simu, nikapiga picha kama watu wote wa behewa. Moyo ulinidunda. Niseme kweli, nilifurahi sana.

Jioni nikamtumia nyanya picha kwa simu ya binamu yangu, kisha nikampigia. Akaniuliza nimeziona nyumba za akina fulani pale kando ya njia, ambao tembo waliwavunjia ghala na kuwalia mahindi. Sikuwa nimeziona. Zilikuwa upande wa pili, au zilikuwa mbele ya macho yangu, sijui.

Nikamuuliza, ili kubadilisha mazungumzo, enzi zake treni ilikuwaje. Akasema: "Sisi tulikuwa tunaona mikono. Taa za ndani zinawaka, uso huuoni vizuri, unaona mkono unatoka na shilingi. Mingine inashukuru, mingine inanyakua. Lakini tulikuwa tunagusana." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Hilo la siku hizi halina pa kutoa mkono."

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba bango la Reli ya Uganda linastahili kusomwa kwa zana zile zile tunazotumia katika fasihi. Kifani ni kazi ya ustadi: maneno machache, hadhira iliyoeleweka vizuri, ushawishi usioonekana kuwa ushawishi. Kimaudhui limejengwa juu ya kuondolewa kwa watu, kwanza katika ardhi, kisha katika picha, mwisho katika neno lao wenyewe. Pande hizi mbili hazitengani. Bango lilipendeza kwa sababu lilikuwa limeondoa kila kilichoweza kumsumbua mtazamaji.

Mwenzangu wa semina aliniuliza kama sasa nitalibandua ukutani. Sitalibandua. Bado nalipenda, na ninaona aibu kidogo kulipenda, na nadhani mhakiki anafaa kuwa na vyote viwili. Anayelichukia tangu mwanzo hatajua lilivyowavuta watu, na anayelipenda bila aibu ndiye hasa liliyeandikiwa. Ninachowaomba wanafunzi wenzangu ni kwamba kila mnaposimama mbele ya tangazo lililowapendeza, la simu, la hoteli au la nchi nzima inayojiuza kwa wageni, mliulize swali la mama mmoja muuza machungwa wa Voi: na sisi tuko wapi hapa?

Wenye maoni tofauti, hasa yule wa semina, namkaribisha ajibu katika toleo lijalo.